Aironet ya mtumba imegoma kwenye taa nyekundu? Mwongozo kamili wa kuiwekea programu dhibiti mpya

"Nimeshika kitufe, taa ikawa nyekundu, nikaachia, halafu basi, hakuna kilichoendelea." Sentensi hii nimeisoma mara nyingi mno, kila mtu na maneno yake, mpaka nimeona niandike yote mahali pamoja. Karibu wote wanaoniandikia wana kifaa kilekile: akses pointi (AP, kifaa cha kurusha Wi-Fi) ya Cisco Aironet ya mtumba, imetolewa kwenye ofisi fulani huko nje, imeingia na mzigo wa Dubai, ikauzwa Kariakoo au Luthuli. Kifaa kizuri, kizito mkononi. Tatizo ni kwamba ndani yake mna programu inayotafuta kontrola, yaani kifaa kikuu kinachosimamia AP zote, ambayo mnunuzi hana, na inaitafuta milele.

Mara nyingi AP yenyewe si mbovu. Inaomba faili kwa jina maalumu, na jina hilo inalitaja waziwazi kwenye konsoli, yaani dirisha la maandishi unalolifungua kwa waya maalumu. Ila hakuna aliyechomeka waya wa konsoli kuisikiliza.

## Hakikisha kwanza ni kifaa cha aina hii

Mwongozo huu ni wa Aironet zinazotumia IOS, mfumo endeshi wa Cisco (si ule wa iPhone): 1141, 1142, 1262, 1602, 1702, 2602, 2702, 3502, 3602 na 3702.

Kama kibandiko cha nyuma kinasema 1815, 1832, 1852, 2802 au 3802, ishia hapa. Hizo zina mfumo mwingine kabisa, na programu ya kujitegemea ninayoizungumzia hapa haikutengenezwa kwa ajili yake. Njia yake ni Mobility Express, ambapo AP moja inakuwa kontrola ya wenzake, na hiyo ni habari ya siku nyingine.

Ukiwa bado umeshika kibandiko, soma jina lote. Mfano: AIR-CAP2602I-E-K9. CAP, au LAP kwenye za zamani zaidi, maana yake ilitoka kiwandani ikiwa ya kutegemea kontrola. SAP ni ya kujitegemea. Ile E ni eneo la masafa, yaani Ulaya na nchi zinazofuata mpangilio huo. A ni ya Marekani. Programu dhibiti haibadilishi herufi hiyo, kwa hiyo muuzaji akikuambia "utaiflashi tu ikae sawa", mwambie akupe yenye herufi inayokufaa.

## Vitu vya kuandaa

- Laptopu yenye tundu la waya wa mtandao. Adapta ya USB inafaa pia.
- Waya wa konsoli, ule wa bluu wenye kichwa cha RJ45, pamoja na adapta ya USB kama laptopu haina poti ya serial.
- PuTTY au programu nyingine ya kufungulia konsoli.
- Seva ya TFTP, yaani programu ya kuipa AP faili kupitia waya wa mtandao. Kwenye Windows natumia Tftpd64. Kwenye Linux, tftpd-hpa.
- Swichi ndogo ya kawaida, isiyohitaji kusetiwa.
- Injekta ya PoE, ya kupitisha umeme kwenye waya wa mtandao. Nyingi kati ya AP hizi zinatosheka na kiwango cha 802.3af. 3702 inawaka kwa af lakini inapunguza redio, inataka 802.3at ifanye kazi kamili.
- UPS, hata ile ndogo ya kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika katikati ya kuandika kwenye kumbukumbu, utaishia Hatua ya 7.
- Kipande cha waya au kijiti cha meno, kwa modeli ambazo kitufe cha MODE kimejificha ndani ya tundu.

Watu wanaruka swichi na kuchomeka laptopu moja kwa moja kwenye injekta. Inaweza kufanya kazi. Lakini AP ikizimwa, laptopu inaona waya umekatika na Windows inaizima ile poti. AP ikiwaka na kuanza kuomba faili, seva yako bado inajinyoosha. Swichi ikiwa katikati, upande wa laptopu unabaki hai muda wote. Usitumie swichi kubwa ya ofisini yenye spanning tree (kinga ya kuzuia mizunguko ya mtandao), kwa sababu inaweza kuifungia poti kwa sekunde 30 kabla ya kupitisha chochote.

## Hatua ya 1: Pata faili sahihi

Jina la faili lina sehemu mbili za kuangalia.

Ya kwanza ni familia ya kifaa. 1141 na 1142 ni `c1140`. 1262 na 3502 ni `ap3g1`. 1602 ni `ap1g2`. 1702, 2602, 2702, 3602 na 3702 zote ni `ap3g2`.

Ya pili ni aina ya programu:

- `k9w7`: ya kujitegemea, ndiyo tunayoitaka.
- `k9w8`: ya kutegemea kontrola.
- `rcvk9w8`: ndogo ya uokoaji, ya kuifikisha AP kwa kontrola ili ipewe programu kamili.

Kwa hiyo mwenye 2602 anatafuta faili inayoanza na `ap3g2-k9w7-tar` na kuishia na `.tar`. Ukiweka `k9w8` kwa bahati mbaya, kila kitu kitakwenda vizuri, taa zitawaka, na AP itaendelea kutafuta kontrola kama jana.

Ipakue kwenye tovuti ya Cisco. Akaunti ni lazima, na kwa faili nyingi wanataka mkataba wa huduma, hivyo kama huna, mtafute mwenzako mwenye mkataba halali au muuzaji wao. Faili za kuokota kwenye tovuti zisizojulikana usiziguse. Unaweka mlango wa mtandao wote wa ofisi. Aliyeichezea faili atakuwa ndani kabla yako.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua toleo jipya kabisa lililotolewa kwa modeli yako. Kifaa kilichobaki na programu ya kabla ya Oktoba 2017 hakina kinga ya KRACK, ule udhaifu wa WPA2, na FragAttacks, udhaifu mwingine wa Wi-Fi, ilitangazwa Mei 2021.

Kisha linganisha alama ya faili na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia:

```
certutil -hashfile ap3g2-k9w7-tar.153-3.JF15.tar MD5
```

Kwenye Linux ni `md5sum`. Umefaulu ikiwa herufi zote zinafanana. Zikitofautiana hata moja, pakua upya. Na usiifungue hiyo tar. AP inaifungua yenyewe.

## Hatua ya 2: Badilisha jina, kwa macho mawili

Hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Ukishika kitufe cha MODE, AP haiulizi toleo gani unalo. Inaomba jina moja tu lililoandikwa ndani yake tangu kiwandani. Kwa familia ya ap3g2 ni hili:

```
ap3g2-k9w7-tar.default
```

Kwa 1142 ni `c1140-k9w7-tar.default`, na nyingine kwa mtindo huohuo. Hata AP ya CAP, ambayo haijawahi kujitegemea maishani mwake, inaomba `k9w7`.

Sasa, Windows ina tabia ya kuficha mkia wa faili. Unabonyeza F2, unaandika `ap3g2-k9w7-tar.default`, unaona kwenye skrini `ap3g2-k9w7-tar.default`, unaridhika. Kumbe kwenye diski inaitwa `ap3g2-k9w7-tar.default.tar`. Kijana mmoja wa Mwanza alinitumia picha ya folda yake, kila kitu kimenyooka. Nikamwomba afungue dirisha la amri na kuandika `dir`. Kimya kama dakika mbili, kisha: "Dah, kaka. Siku tatu hizi!"

Washa uonyeshaji wa mikia ya faili kwenye mipangilio ya folda, au tumia `dir` kama yeye. Umefaulu ikiwa `dir` inaonyesha jina likiishia na `.default` na hakuna kingine mbele yake.

## Hatua ya 3: Andaa laptopu

Zima Wi-Fi ya laptopu. Ukiiacha, seva ya TFTP inaweza kushikilia anwani ya Wi-Fi na kupuuza waya.

Ipe poti ya waya anwani ya kudumu: 10.0.0.2, na maski 255.255.255.0. AP itajipa 10.0.0.1 yenyewe. Laptopu inatakiwa iwe kati ya 10.0.0.2 na 10.0.0.30, 192.168 yoyote haitafanya kazi.

Fungua Tftpd64, chagua folda yenye faili, na kwenye orodha ya anwani chagua 10.0.0.2. Faiawoli ya Windows ikiuliza, ruhusu kwa mitandao yote, ya binafsi na ya umma. Poti hii isiyo na intaneti Windows huihesabu kama mtandao wa umma, ndiyo maana aliyeruhusu wa binafsi tu hapokei kitu. TFTP inatumia UDP 69. Kama antivairasi yako ina faiawoli yake, izime kwa muda huu.

## Hatua ya 4: Fungua konsoli kabla ya umeme

Chomeka waya wa bluu kwenye tundu lililoandikwa CONSOLE. Kwenye PuTTY chagua Serial, kasi 9600, biti 8, bila parity, stop biti 1, na uzime flow control.

Bila konsoli unabaki kukisia rangi za taa, na rangi hizo zinatofautiana kati ya modeli na modeli.

Kujaribu kama waya ni mzima, washa AP kawaida bila kugusa kitufe. Umefaulu ukiona maandishi yanayosomeka yakishuka. Ukiona vikorokoro, kasi si 9600. Usipoona kitu kabisa, angalia namba ya COM na draiva ya adapta.

Ikiwa tayari inajitegemea na unajua nywila, huhitaji kitufe wala jina la `.default`. Hifadhi usanidi kwanza kwa `copy running-config tftp:`, hakikisha AP na laptopu zinaonana kwa ping, kisha:

```
archive download-sw /overwrite /reload tftp://10.0.0.2/ap3g2-k9w7-tar.153-3.JF15.tar
```

Badilisha anwani iwe ya laptopu yako. Usanidi unabaki. Ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Kitufe cha MODE

1. Zima AP kwa kuchomoa waya wa mtandao unaotoka kwenye injekta.
2. Bonyeza MODE na uendelee kuibonyeza.
3. Ukiwa bado umebonyeza, rudisha waya.
4. Usiachie mpaka taa iwe nyekundu NA sekunde 20 ziwe zimepita. Mimi huhesabu hadi 25.
5. Achia.

Sekunde ni muhimu kwa sababu kitufe hiki kina kazi mbili. Ukiachia kabla ya sekunde 20, AP inadhani unataka kufuta usanidi tu. Inafuta, inawaka na programu ileile ya zamani, na wewe unaandika "hakuna kilichotokea". Kilitokea, ila si ulichokitaka.

Konsoli inapaswa kusema hivi:

```
button pressed for 25 seconds
process_config_recovery: set IP address and config to default 10.0.0.1
process_config_recovery: image recovery
image_recovery: Download default IOS tar image tftp://255.255.255.255/ap3g2-k9w7-tar.default
examining image...
```

Soma mstari wa nne taratibu. Hilo jina la mwisho ndilo AP yako inalolitaka, herufi kwa herufi. Likitofautiana na la faili yako, kosa ni la faili. Na ile 255.255.255.255 isikushtue, AP haijui seva iko wapi, kwa hiyo inapaza sauti mtaa mzima.

Baada ya `examining image...` utaona orodha ndefu ya faili zikifunguliwa moja moja. Inachukua dakika kadhaa, na kuna nyakati itaonekana kama imelala. Iache. Usichomoe, usibonyeze. Ikimaliza inajiwasha upya yenyewe.

### Ikigoma hapa

Konsoli inasema `connection timed out`, na Tftpd64 haina maandishi yoyote. Ombi halijafika. Ni faiawoli, Wi-Fi iliyoachwa wazi, anwani isiyo sahihi, au swichi yenye spanning tree. Anza na faiawoli.

Tftpd64 inaandika `The system cannot find the file specified`. Ombi limefika, jina ndilo tatizo. Rudi Hatua ya 2. Kwa kweli hii ni habari njema, maana mtandao wote uko sawa.

Inaanza kupakua kisha inakata. Jaribu waya mwingine, kisha angalia tena alama ya MD5.

Inasema imebonyezwa sekunde 12. Vidole vimechoka. Rudia.

## Hatua ya 6: Thibitisha, kisha washa redio

Ikimaliza kuwaka, jina la mtumiaji ni `Cisco` na nywila ni `Cisco`, C kubwa zote mbili. Andika `enable`, nywila ileile, kisha:

```
show version
```

Tafuta mstari wa `System image file`. Umefaulu ukiona `k9w7` na toleo uliloliweka.

Sasa, usikimbilie simu kutafuta Wi-Fi. Hutaiona. Programu hii inakuja na redio zimezimwa na haina SSID (jina la mtandao) yoyote. Kuna watu wamerudisha AP nzima dukani kwa sababu hii tu.

Usanidi mfupi wa kuanzia, ndani ya `configure terminal`:

```
dot11 ssid OFISI
 authentication open
 authentication key-management wpa version 2
 guest-mode
 wpa-psk ascii WekaNenosiriLako
interface Dot11Radio0
 encryption mode ciphers aes-ccm
 ssid OFISI
 no shutdown
```

Rudia sehemu ya `interface` kwa Dot11Radio1, ambayo ni ya 5 GHz. `guest-mode` haina uhusiano na wageni. Ndiyo inayofanya jina la mtandao lionekane hewani. Kisha badilisha nywila za Cisco/Cisco, zote mbili, na umalize na `write memory`. Ukisahau hiyo ya mwisho, umeme ukikatika usiku asubuhi unaanza upya.

AP itapata anwani ya DHCP kwenye BVI1, poti yake ya ndani, ukiichomeka kwenye mtandao wa ofisi. Iangalie kwa `show ip interface brief`.

## Hatua ya 7: Imebaki kwenye `ap:` tu

Umeme ulikatika, au mtu alichomoa. Konsoli inaonyesha `ap:` na haisogei. Wengi wanasema imegeuka tofali. Bado. Mradi `ap:` inajibu, inaokoka.

Faili na seva viache vilevile kama Hatua ya 3, kisha andika, ukizingatia herufi kubwa na ndogo:

```
set IP_ADDR 10.0.0.1
set NETMASK 255.255.255.0
set DEFAULT_ROUTER 10.0.0.2
tftp_init
ether_init
flash_init
tar -xtract tftp://10.0.0.2/ap3g2-k9w7-tar.default flash:
```

Ndiyo, `-xtract`, bila e. Ikilalamika nafasi haitoshi, tazama `dir flash:` na ufute folda ya programu iliyokatika njiani. Ikimaliza, tazama tena `dir flash:` usome jina la folda mpya, kisha uielekeze huko:

```
set BOOT flash:/ap3g2-k9w7-mx.153-3.JF15/ap3g2-k9w7-mx.153-3.JF15
boot
```

Jina limeandikwa mara mbili kwa makusudi: la kwanza ni folda, la pili ni faili iliyo ndani. Badilisha lifanane na uliloliona wewe.

## Kwa wenye kontrola: tarehe 4 Desemba 2022

Hapa ni kwa wanaobaki na `k9w8` chini ya kontrola ya AireOS, mfumo wa kontrola za Cisco. AP zinakwama kwenye hali ya `Downloading`, zinajiwasha upya, zinakwama tena. Watu wanabadilisha waya, wanabadilisha swichi, bure.

Cheti kilichotumika kutia sahihi programu za AP hizi za IOS kiliisha muda tarehe 4 Desemba 2022. AP inapokea programu, inakagua sahihi, inaangalia saa iliyopewa na kontrola, inaona cheti kimepitwa na wakati na inakataa. Toleo la 8.10.183.0 lina marekebisho, ila ni la 1702, 2702 na 3702. 2602 na 3602 zinaishia 8.5, na 1142 chini zaidi ya hapo.

Njia ya kuzunguka ni kurudisha saa ya kontrola nyuma:

```
config time ntp delete 1
config time manual 12/01/22 10:00:00
```

Mwezi unatangulia siku hapo. Kama una seva zaidi ya moja za NTP (seva za kurekebisha saa), futa zote, la sivyo saa itajirekebisha kabla AP haijamaliza.

AP za umri huu zina ugonjwa wa pili unaofanana: cheti cha AP yenyewe, kilichowekwa kiwandani kwa miaka 10, nacho huisha. Hapo AP haifiki hata kwenye `Downloading`, haijiungi kabisa. Dawa yake:

```
config ap cert-expiry-ignore mic enable
```

Fanya kazi ya saa usiku au siku ambayo ofisi imefungwa. AP mpya, zile ambazo vyeti vyake vimeanza baada ya tarehe uliyoirudia, zitakataa kujiunga kwa sababu kwa saa hiyo vyeti vyake bado havijazaliwa. AP za zamani zikishaonyesha `Registered`, rudisha NTP hapohapo, kisha subiri na hizo mpya zirudi kabla hujafunga laptopu.